Mama wa Mungu na Tope la Efeso

Efeso ilikuwa mji wa bandari. Hilo lishike kabla ya mengine yote, kwa sababu ukifika leo huoni meli, huoni ufuo, wala husikii wimbi. Unaona barabara pana ya marumaru inayoanzia mbele ya thieta kuu, inanyooka kwa karibu nusu kilomita, halafu inaishia kwenye matete. Pale mwisho ndipo meli zilipofungwa kamba. Bahari sasa iko kilomita kadhaa upande wa magharibi.

Kilichoisukuma bahari ni mto usio na ukuu wowote. Wagiriki waliuita Kaystros, Waturuki wanauita Küçük Menderes, na kwa maelfu ya miaka kazi yake imekuwa moja tu: kubeba udongo wa milimani na kuumwaga kwenye ghuba. Watu wa Efeso walijaribu kila dawa. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki aliyeandika enzi za Augusto na Tiberio, anasimulia kwamba mfalme mmoja, Attalus, aliamini kuwa mlango wa bandari ukibanwa kwa ukuta, maji ya ndani yatapata kina na meli kubwa zitaingia. Mafundi wake wakaamini hivyo hivyo. Ukuta ukajengwa. Tope ambalo zamani mawimbi yalikuwa yakilivuta hadi nje likakosa njia, na bandari ikazidi kujaa.

Ni Strabo huyo huyo anayetueleza jinsi mji ulivyofika hapo. Mapema katika karne ya 3 KK, Lysimachos, mmoja wa majemadari waliogawana milki ya Aleksanda, alijenga kuta mpya kati ya vilima viwili, akawataka wakazi wahame kutoka mji wao wa zamani uliokuwa bondeni, karibu na hekalu la Artemi. Wakakataa. Akangoja mvua kubwa inyeshe, akaziba mitaro, mji ukafurika. Wakahama. Nimekaa Nairobi miaka ya kutosha, hiyo sikuhitaji kufafanuliwa.

Kwa hiyo Efeso ni mji wa kuhamahama, na nilitaka kuuona hivyo. Nafasi yenyewe niliipata kwa mgongo wa mtu. Shangazi yangu anauza nguo, na mzigo wake huuchukua Laleli, ule mtaa wa Istanbul ambao wafanyabiashara wetu wanaujua kuliko wanavyoujua Machakos. Safari hiyo alinichukua nimbebee mabunda na kumsomea risiti. Mzigo ukafungwa mapema, ikabaki siku moja. Wenzake wakaenda kupanda boti za Bosphorus. Yeye akatoa pesa akalipia safari ya watu wawili: ndege ya alfajiri hadi Izmir, gari, dereva, mwongozaji wetu pekee, na kurudi jioni. Historia niliisomea chuo kikuu mihula mitatu kabla ada haijanishinda, kwa hiyo kwa Shangazi mimi ni mtaalamu. Yeye hakuja kwa ajili ya historia. Alikuja kwa sababu ya rozari, na hilo nitalifikia.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana msafi, Kiingereza chake kizuri, na siku yake ilikuwa imeshapangwa kichwani kama ratiba ya matatu: hekalu la Artemi, mji wa marumaru, maktaba, thieta, chakula cha mchana, duka la mazulia. Alipofika kwenye jambo la Kigiriki au la Kirumi, sauti ilipanda. Alipofika kwenye jambo la Bizanti, yaani ile milki ya Roma ya mashariki iliyotawaliwa kutoka Konstantinopoli, sauti ilishuka kama ya mtu anayepita nyumba ya jirani waliyekosana. "Hii ni ya baadaye," alikuwa akisema, na miguu yake tayari imeshapiga hatua.

Hekalu la Artemi lilikuwa moja ya maajabu saba ya dunia ya kale. Leo ni shimo lenye maji ya kijani na nguzo moja iliyopangwa upya kwa vipande vya nguzo mbalimbali, juu yake korongo wamejenga kiota. Mtu aitwaye Herostratos alilichoma mwaka 356 KK ili jina lake likumbukwe, na kwa bahati mbaya limekumbukwa. Likajengwa tena, kubwa kuliko la kwanza. Wagothi wakalivamia miaka ya 260 BK, kisha wajenzi wakalichimba kama machimbo ya mawe, na mto ukamalizia. John Turtle Wood, Mwingereza aliyekuwa amekuja kujenga vituo vya reli ya Izmir hadi Aydın, alilitafuta tangu 1863 na kulifikia siku ya mwisho ya mwaka 1869, chini ya mita kadhaa za tope. Kilichomwelekeza ni maandishi aliyoyakuta kwenye thieta, yanayoeleza njia iliyopitwa na maandamano ya sanamu za mungu huyo. Alichokipata kizuri kilipanda meli. Ukitaka kuona nguzo iliyochongwa ya Artemi wa Efeso, nenda British Museum, London, jengo lile lile ambalo ghala lake linashikilia Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo. Shangazi alitazama lile dimbwi, akatazama korongo, akaniuliza kwa Kiswahili, "Ndiyo hii tumekujia?"

Mji wenyewe hauna haja ya kusifiwa na mimi. Unaingilia lango la juu, unateremka Mtaa wa Wakureti, marumaru chini yamelainika kwa nyayo hadi unateleza, na kule bondeni uso wa maktaba ya Celsus unakusubiri. Kila mtu anapiga picha palepale. Nilipiga pia.

Lakini simama kidogo na huo uso wa maktaba. Uliinuliwa upya na wataalamu kutoka Austria miaka ya 1970, kipande kwa kipande, maana ulikuwa umelala chini. Maktaba ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 2 kwa ajili ya Celsus Polemaeanus, seneta aliyewahi kuwa gavana wa jimbo la Asia, na amezikwa chini ya chumba cha vitabu. Ukumbi wa vitabu uliungua zamani sana. Uso ukabaki umesimama, na watu wa karne zilizofuata hawakuuacha ukae bure. Walichimba bwawa mbele yake. Ule ukuta wenye nguzo na sanamu ukawa pambo la nyuma ya chemchemi, na kuta za bwawa zikajengwa kwa mabamba ya marumaru yaliyochongwa mashujaa na wafalme wa Kirumi, mabamba yaliyotolewa kwenye mnara wa kumbukumbu ambao hakuna aliyeuhitaji tena. Fikiria hiyo kazi: jengo limeungua, huna pesa za kulirudisha, una maji, una mawe ya babu zako. Unatengeneza mahali pa kuchota maji palipo pazuri kuliko popote duniani.

Wachimbaji wa Austria walipofika hapo mwanzoni mwa karne ya 20 walitaka maktaba na walitaka mabamba. Mabamba yako Vienna. Maktaba inatabasamu kwenye kadi. Bwawa limekwenda.

Ukishaona hilo mara moja, unaanza kuliona kila mahali. Pembeni mwa mtaa ule ule kuna nyumba za matajiri zilizopangwa juu ya mteremko, zimefunikwa paa la kisasa, na tiketi yake ni ya kando. Watu wanalipa waone picha za ukutani na vigae vya rangi sakafuni, na ni sawa, vinapendeza. Mwongozaji alipita haraka kwenye sehemu moja yenye mifereji na mawe mabaya. Nikamrudisha. Nyumba zile zilibomolewa na matetemeko katika karne ya 3. Baadaye, wakati wa Bizanti, mafundi waliingia humo kwenye vifusi wakaweka vinu vinavyoendeshwa na maji, na kimoja kilikuwa cha msumeno wa kupasulia mawe. Hebu ona: gurudumu linazunguka kwa nguvu ya maji, mzunguko unageuzwa kuwa mwendo wa mbele na nyuma, misumeno inakata marumaru kuwa mbao nyembamba. Kwenye sebule ya tajiri! Huo ni ufundi ambao Warumi wengi wa enzi za utukufu hawakuwahi kuuona, na unapatikana ndani ya kile tunachoambiwa ni kuporomoka kwa mji. Kwetu tungewaita jua kali, na kaunti ingekuwa inawafukuza.

Kuna pia mtu mmoja aitwaye Demeas. Aliacha jiwe lenye maandishi akijisifu kwamba amemng'oa Artemi, ambaye anamwita pepo mdanganyifu, na mahali pake amesimamisha msalaba. Jiwe hilo lilipatikana kwenye huo huo Mtaa wa Wakureti. Watu hupenda kulitaja kama ushahidi wa jinsi Ukristo ulivyoingia: kwa nyundo. Sawa. Lakini mwaka 1956 wachimbaji waliokuwa kwenye jengo la baraza la mji walikuta sanamu za Artemi zimelazwa chini ya udongo, mbili kati yake zikiwa kazi nzuri ajabu, zile ambazo sasa ziko makumbusho ya Selçuk na zimeandikwa kwenye kila kitabu. Zilikuwa zimefukiwa kwa uangalifu. Kwa hiyo katika mji mmoja alikuwepo Demeas mwenye nyundo, na alikuwepo mtu mwingine, hakuandika jina, aliyembeba mungu wa mama yake akamzika vizuri. Mimi huyo wa pili ndiye ninayetamani kumjua.

Thieta tuliipita upesi, kulikuwa na kundi kubwa kutoka kwenye meli ya watalii. Ni pale, kwa mujibu wa Matendo ya Mitume sura ya 19, ambapo Demetrio mfua fedha na wenzake waliwachochea watu dhidi ya Paulo kwa sababu biashara ya vijihekalu vya fedha ilikuwa inatishiwa, na umati ukalitaja jina la Artemi kwa kelele muda wa saa mbili. Shangazi, ambaye ni mfanyabiashara, alimwelewa Demetrio kuliko nilivyotarajia.

Baada ya hapo mwongozaji akaangalia saa na kuonyesha njia ya kutokea. Shangazi akauliza, kanisa la Maria liko wapi. Akajibiwa kwamba tutapita Nyumba ya Maria kule mlimani, ile ambayo ilitafutwa mwaka 1891 kwa kufuata maono ya mtawa wa Kijerumani, Anna Katharina Emmerick, na ambayo mapapa wamekwenda kusali. Shangazi akasema hapana, hiyo anaijua, anauliza kanisa la mtaguso. Kijana akasema kule hakuna kitu, ni kuta tu, na jua ni kali. Shangazi akanigeukia: "Mwambie mwanangu, tumemlipa sisi." Sikutafsiri hivyo. Nilisema Shangazi angeshukuru sana.

Kweli ni kuta tu. Unaacha njia ya watalii, unafuata kijia kwenye majani makavu, na ghafla uko ndani ya jengo refu mno, jembamba, kama mtu alitaka kujenga kanisa ndani ya ukanda. Na ndivyo ilivyokuwa. Lilikuwa baraza la kusini la uwanja wa hekalu kubwa la Kirumi, hekalu likavunjwa, baraza likageuzwa kanisa, likajengwa tena na tena hadi makanisa mawili yakaonekana yamefuatana mgongo kwa uso. Pembeni kuna chumba cha ubatizo na kisima chake cha mviringo kiko karibu kizima, ngazi za kushukia zipo. Hapakuwa na mtu mwingine. Kule thieta tulikuwa tumeacha mamia.

Mwaka 431, maaskofu wa milki ya Roma walikutana Efeso kwa amri ya Kaizari Theodosius II, na kumbukumbu za mkutano zinasema walikaa ndani ya kanisa lililoitwa Maria. Ugomvi ulikuwa wa neno moja. Nestorius, askofu wa Konstantinopoli, alisema Maria asiitwe Mama wa Mungu, Theotokos kwa Kigiriki. Mungu hana mama, aitwe Mama wa Kristo. Cyril, askofu wa Aleksandria, alisema ukimgawa hivyo mtoto, unakuwa na watoto wawili, mmoja Mungu na mmoja mtu, na hakuna aliyeokolewa. Leo hilo linaweza kuonekana kama mchezo wa maneno. Kwao lilikuwa swali la nani hasa alikufa msalabani.

Sasa sikiliza jinsi lilivyoamuliwa. Cyril alifika kwa meli na maaskofu kama 50 wa Misri. Maaskofu wa Siria, waliokuwa wakimwonea huruma Nestorius, walikuwa njiani kwa nchi kavu chini ya Yohane wa Antiokia, wakachelewa. Joto likawa kali, wengine wakaugua, baadhi wakafa. Tarehe 22 Juni Cyril akafungua mkutano bila kuwasubiri, mjumbe wa Kaizari akipinga. Nestorius akaitwa, akakataa kuja. Kufikia usiku alikuwa amevuliwa uaskofu. Nje, watu wa Efeso walikuwa wamesimama tangu asubuhi, na hukumu ilipotangazwa waliwasindikiza maaskofu hadi walikolala kwa mienge, wanawake wakitangulia na vyetezo vya ubani. Siku chache baadaye Yohane akafika na watu wake, wakafanya mkutano wao wenyewe, wakamvua Cyril. Kaizari akaidhinisha pande zote mbili, yaani wote wawili wamevuliwa, na wakawekwa kizuizini!

Halafu zikaingia zawadi. Orodha ya vitu ambavyo Aleksandria ilituma kwa wakubwa wa ikulu ya Konstantinopoli bado ipo: mazulia, viti vya pembe za ndovu, dhahabu kwa mamia ya ratili. Nilipomwambia Shangazi hayo, alicheka hadi akashika ukuta. "Walikula kitu kidogo?" Kikubwa, Shangazi. Cyril akarudi kwake akiwa askofu. Nestorius akaishia uhamishoni kwenye oasisi ya jangwa la Misri, na waliobaki na mafundisho ya upande wa Siria wakaelekea mashariki, Uajemi, hadi karne ya 7 wamefika Uchina.

Waafrika walikuwa katikati ya hayo yote, wala hawakuwa wasindikizaji. Cyril na maaskofu wake walitoka bonde la Nile. Augustino wa Hippo, kwenye Algeria ya leo, alikuwa kwenye orodha ya walioalikwa, lakini barua ilikuta ameshafariki mwaka uliotangulia, mji wake umezingirwa na Wavandali. Karthago, kwa sababu ya vita hivyo hivyo, iliweza kumtuma shemasi mmoja tu, Bessula. Wahabeshi hadi leo wanakubali mitaguso mitatu ya kwanza na kuikataa iliyofuata; wa tatu ni huu wa Efeso. Na kabla ya kufika huo wa nne walirudi tena hapa, mwaka 449, safari hii chini ya askofu mwingine wa Aleksandria, Dioscorus, na mambo yakaharibika kiasi kwamba askofu wa Konstantinopoli, Flavian, alifariki muda mfupi baadaye. Papa Leo aliuita mkutano huo genge la wanyang'anyi.

Jina Mama wa Mungu halikuzaliwa hapa, lilikuwa likitumika tayari, hasa Misri. Hapa lilipigwa muhuri. Sala ya Salamu Maria kama tunavyoisali ilikamilika karne nyingi baadaye huko Magharibi, lakini lile jina katikati yake ndilo lililoshindaniwa kwenye ukanda huu wa mawe. Shangazi anasali rozari kila jioni, kama nyanya yangu alivyofanya Kisumu hadi alipofariki. Rozari moja ina Salamu Maria 53. Zidisha kwa miaka. Hakuna maneno ya Plato wala ya Homer yanayosemwa Kenya kwa wingi huo hata nusu. Shangazi alitoa shanga zake, akakaa kwenye kipande cha nguzo, akaanza. Mwongozaji alivua kofia, akasogea kivulini. Tulikaa pale muda mrefu kuliko tulivyokaa kwenye maktaba.

Chakula cha mchana tulikula, duka la mazulia Shangazi akalikataa. Alimweleza kijana kwamba yeye mwenyewe ni muuzaji na anajua kabisa dereva atapewa nini mlangoni. Tukawa na saa moja ya ziada, nami nikaomba twende kwa Waliolala Saba.

Hapo pia hakuna foleni. Ni pango kwenye ubavu wa kilima, nje ya mji, na juu yake na ndani yake kuna kanisa la Bizanti na makaburi mengi yaliyochongwa mwambani, maana kila mtu alitaka kuzikwa karibu. Waaustria walilichimba miaka ya 1927 na 1928, wakakuta taa za udongo kwa wingi. Hadithi ni ya vijana waliokimbia mateso ya Kaizari Decius, karibu mwaka 250, wakajificha pangoni, wakalala, na kuamka wakidhani ni kesho yake. Mmoja akaenda mjini kununua mkate, sarafu yake ikawashangaza wauzaji. Wakristo wanasema waliamka enzi za Theodosius II, yule yule aliyeitisha mtaguso. Waislamu wanawajua kwa sura nzima ya Qurani, Al-Kahf, ambayo haitaji mji wala kaizari, lakini inamtaja mbwa wao, na pesa ya fedha waliyomtuma nayo mwenzao, na miaka mia tatu kisha ikazidisha tisa. Kuna mapango mengine yanayodai ni hilo, Tarsus na karibu na Amman. Rafiki yangu wa Mombasa husoma sura hiyo kila Ijumaa. Nilimtumia picha ya uzio wa waya, akaniuliza mbwa yuko wapi.

Kilele cha yote ni Ayasoluk, kilima kilichoko katikati ya Selçuk, na hapo ndipo mji ulipoishia kuhamia bandari ilipokufa. Justinian alijenga hapo, katika karne ya 6, basilika yenye umbo la msalaba na kuba sita, juu ya kaburi ambalo waumini waliamini ni la Mtume Yohane. Herufi za jina lake na la mkewe Theodora bado zimechongwa kwenye vichwa vya nguzo. Mahujaji walikuja kwa sababu vumbi lilikuwa likitoka kwenye kaburi, wakaliita mana, wakalibeba kwenye vichupa vya udongo kuponyea wagonjwa. Ni uchumi huo ulioubeba mji usio na bandari. Mwaka 2022 wachimbaji walitangaza kwamba kule chini, kwenye uwanja wa Domitian, wamekuta maduka ya Bizanti yaliyoungua ghafla mwanzoni mwa karne ya 7, kila kitu kikiwa mahali pake: samaki wa chumvi kwenye mitungi, mbegu za pichi na lozi, sarafu, na mamia ya vichupa vya mahujaji vikisubiri wateja. Demetrio na vijihekalu vyake vya fedha, miaka 600 baadaye, dini nyingine, kaunta ile ile. Hata jina la kilima limetokana na Yohane: Hagios Theologos, Mtakatifu Mwanateolojia, likapita midomo ya Waturuki likawa Ayasoluk.

Chini ya basilika kuna msikiti wa İsa Bey, wa mwaka 1375. Tuliingia uani kungoja dereva. Nguzo za ndani ni za granite nyeusi, ndefu, zimeng'arishwa, na zilitolewa kwenye mabafu ya Kirumi ya bandari. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha, mzee mmoja alikuwa akivaa viatu. Mwongozaji wetu aliketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akafungua chupa ya maji, na bila kuulizwa akatuambia kwamba nyumba ya nyanya yake kijijini ina kizingiti cha marumaru chenye herufi za Kigiriki. Amekikanyaga utoto wake wote. Nikamwuliza kimeandikwa nini. Akasema nyanya yake alikiweka upande wa maandishi juu ili watu wasiteleze mvua ikinyesha.